Nyota Aliyeandikwa Manamba

Ndugu msomaji, vuta kiti, mwite na mwenzako, maana Jumapili ya leo tunakwenda safari ya mbali. Tunakwenda Afrika Kusini, katika jimbo la KwaZulu-Natal, kwenye mji mdogo uitwao Ixopo. Ukitoka Pietermaritzburg, barabara yaelekea kusini-magharibi, yapita mji wa Richmond, yateremka hadi mto Mkhomazi, kisha yaanza kupanda tena milima. Safari nzima haizidi sana kilomita 80, na mwenye gari zima hufika kabla chai aliyokunywa asubuhi haijashuka tumboni.

Jina la mji huo ni la Kizulu, na herufi x iliyomo ndani yake haisomwi kama tunavyoizoea sisi. Hutamkwa kwa kubofya ulimi upande mmoja wa meno, kama afanyavyo mtu anayemhimiza punda. Wenyeji wanasema kuwa jina lote ni mlio tu: ni ile sauti inayosikika ng'ombe anapoung'oa mguu wake uliozama matopeni. Kwa hiyo ukilitamka jina hilo sawasawa, umekwisha kusikia ng'ombe na mvua na bonde lake.

Leo utakuta huko mashamba ya miwa, misitu ya kupandwa ya mikaratusi na misonobari, na ng'ombe wa maziwa. Mji wenyewe ni wa maduka machache na stendi ya mabasi. Mpita njia aweza kuupita asikumbuke kitu. Lakini mwaka 1948 kitabu kimoja kiliifanya milima hiyo ijulikane duniani kote, na kutokana na kitabu hicho ikatengenezwa sinema ambayo ndiyo sababu ya safari yetu.

Sinema hiyo inaitwa "Cry, the Beloved Country", nayo ni ya mwaka 1951. Haina rangi, haina bastola za kufyatuliwa kila dakika, na wapenzi wengi wa sinema hawajapata hata kulisikia jina lake. Hata hivyo ndani yake yumo kijana mmoja mrefu, mwembamba, aliyevaa kanzu ya kikasisi, ambaye ulimwengu mzima ulikuja kumfahamu baadaye. Jina lake ni Sidney Poitier. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 23, na hii ilikuwa filamu yake kubwa ya pili.

MTOTO WA WAKULIMA WA NYANYA

Kabla hatujaendelea na njia, yafaa tumjue mwenzetu huyu wa safari. Poitier alizaliwa Miami, Marekani, tarehe 20 Februari 1927, lakini alizaliwa huko kwa bahati tu. Wazazi wake walikuwa wakulima wa nyanya katika Cat Island, kisiwa kimoja cha Bahama, ambavyo wakati huo vilikuwa koloni la Waingereza. Walikuwa wamevuka bahari kwenda kuuza nyanya zao, na mama akajifungua kabla ya siku zake. Mtoto akarudishwa kisiwani, akakulia mahali pasipokuwa na umeme wala maji ya bomba.

Alipofika umri wa miaka 15 alipelekwa Miami kwa ndugu yake, na mwaka mmoja baadaye akaingia New York akiwa na fedha kidogo tu mfukoni. Akawa muosha vyombo katika mikahawa. Siku moja alisoma tangazo la kikundi cha michezo ya kuigiza cha watu weusi wa Harlem, akaenda kujaribu bahati yake. Hakuweza kuusoma vizuri mchezo aliopewa, na lafudhi yake ya visiwani ilikuwa nzito. Akaambiwa aende zake akatafute kazi ya kuosha vyombo, asiwapotezee watu wakati.

Maneno hayo yalimchoma, hasa kwa kuwa aliyeyasema hakujua kwamba kuosha vyombo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya. Alinunua redio, akawa kila siku anaigiza jinsi watangazaji wanavyotamka maneno. Mkahawani kulikuwa na mhudumu mmoja mzee, Myahudi, ambaye usiku baada ya kazi alikaa naye na kumfundisha kusoma gazeti, neno kwa neno. Poitier alimtaja mzee huyo kwa shukrani hadi uzeeni. Baada ya miezi kadhaa alirudi kwenye kile kikundi, na safari hii akakubaliwa. Msomaji unayesoma gazeti hili ukiwa kwenye mapumziko ya zamu, au unayemsaidia jirani yako katika darasa la jioni, utaelewa kwa nini tumesimama kidogo hapa.

HATI YA KUINGILIA

Mwaka 1950 mwongozaji wa sinema aitwaye Zoltan Korda aliamua kwenda kupiga picha za filamu hii huko huko Afrika Kusini. Wachezaji wake wakuu wawili walikuwa Wamarekani weusi. Mmoja ni Canada Lee, aliyechukua nafasi ya Mchungaji Stephen Kumalo, mzee wa kijijini. Wa pili ni Poitier, aliyechukua nafasi ya Mchungaji Msimangu, kasisi kijana wa mjini.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Chama cha Makaburu kilikuwa kimeshika madaraka mwezi wa Mei 1948, na mwaka huo huo wa 1950 kilipitisha sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake na sheria ya kutenga maeneo ya makazi kwa rangi. Mtu mweusi kutoka ng'ambo, msomi wa michezo ya kuigiza, anayekuja kufanya kazi bega kwa bega na wazungu, hakuwa na mlango wa kupitia. Basi ili Lee na Poitier waruhusiwe kuingia, Korda aliwaambia maofisa wa uhamiaji kwamba watu hao si wachezaji sinema. Aliwaambia kwamba ni watumishi wake wa mkataba.

Sisi tunalo neno letu la hali hiyo, tena lenye uchungu wake. Wazee waliokata mkonge Tanga na Morogoro enzi za ukoloni wanalikumbuka. Mtu alichukuliwa kwao kwa mkataba, akasafirishwa mbali, akapewa namba, na tangu siku hiyo namba ikawa ndilo jina lake. Huyo aliitwa manamba. Ukitafsiri kwa haki kile Korda alichowaambia wenye mihuri, Sidney Poitier aliingia Afrika Kusini kama manamba.

Fikiri, msomaji, juu ya kijana yule. Ametoka kisiwani, amejifundisha kusoma kwa taabu, ameikataa lafudhi iliyomfanya achekwe, amefikia kuandikwa jina lake kwenye bango la sinema. Sasa anasimama mbele ya meza ya uhamiaji, na ili afanye kazi yake ya kuonyesha utu wa Mwafrika, inambidi kwanza akubali kuitwa mali ya mtu mwingine. Angeweza kugeuza njia na kurudi. Hakugeuza. Kila mmoja wetu na ajiulize angefanyaje.

SAFARI YA TRENI

Sasa turudi Ixopo, kwani hadithi ya sinema inaanzia kwenye milima hiyo. Mwandishi wa kitabu, Alan Paton, aliijua vizuri. Alizaliwa Pietermaritzburg mwaka 1903, na kuanzia mwaka 1925 alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Ixopo, mahali alipompata na mkewe. Alikuwa akitembea kwa miguu maili nyingi juu ya milima hiyo, akatazama kile ambacho kila mgeni mwenye macho angekiona. Juu milimani, katika mashamba ya wazungu, nyasi zilikuwa nene na zinashika maji. Chini bondeni, walikorundikwa Waafrika, ardhi ilikuwa nyekundu, imechimbika makorongo, mahindi hayafiki kifuani kwa mtu.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliwatengea Waafrika, ambao ndio wengi, kiasi cha asilimia 7 tu ya ardhi ya nchi yao, na baadaye mwaka 1936 ikaongezwa hadi asilimia 13 hivi. Watu wengi na ng'ombe wengi kwenye bonde dogo, udongo haukuweza kustahimili. Vijana wakaondoka kwenda kutafuta kazi, na njia ilikuwa moja: Johannesburg, kwenye migodi ya dhahabu.

Mchungaji Kumalo wa hadithi anapokea barua kwamba dada yake aliyeko Johannesburg ni mgonjwa. Huko huko alikwenda pia mwanawe wa pekee, Absalom, na hakuandika tena. Mzee anachukua akiba yote iliyowekwa kwa ajili ya masomo ya mtoto, anapanda treni. Wakati huo toka Ixopo ilikuwapo reli nyembamba sana, upana wake futi mbili tu, iliyopanda kwa kujipinda hadi Donnybrook. Hapo abiria alibadili treni, akaenda Pietermaritzburg, akabadili tena treni kubwa ya kupanda nyanda za juu. Johannesburg iko zaidi ya kilomita 500 kutoka bondeni kwa mzee Kumalo, na juu kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Reli ile nyembamba ilikuja kufungwa katika miaka ya 1980, na kipande chake kikafufuliwa baadaye kwa ajili ya watalii, kikapewa jina la Paton.

Safari hiyo ya treni inawahusu na wazee wetu. Wapo watu wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania ambao baba zao na babu zao walichukuliwa na shirika la kuandikisha vibarua wa migodi, lile watu walilolifahamu kwa jina la Wenela. Wengine walirudi na baiskeli na mablanketi, wengine walirudi na kifua cha vumbi, na wengine hawakurudi kabisa. Baada ya Uhuru, Serikali ya Tanganyika ilisimamisha uandikishaji huo. Kwa hiyo mzee Kumalo akishuka stesheni akiwa ameshika kofia na mfuko wake, akishangaa magari na kuogopa kuvuka barabara, familia nyingi za huku kwetu zaweza kumtambua.

SOPHIATOWN

Stesheni inaonekana kuwa mwisho wa safari, kumbe ndio mwanzo. Mzee anaibiwa fedha na kijana mjanja anayejidai kumkatia tikiti ya basi, kisha anafika kwenye nyumba ya misheni katika mtaa wa Sophiatown. Hapo ndipo anapompata Mchungaji Msimangu, na hapo ndipo sisi watazamaji tunapompata Poitier.

Msimangu ndiye kiongozi wa njia. Anampeleka mzee kwa dada yake ambaye ameangukia katika gongo na umalaya. Anampeleka kwa mdogo wake mwenye ulimi wa siasa lakini asiye na moyo. Anampeleka vibandani, kiwandani, na kwenye shule ya maadilisho ambako Absalom amewahi kukaa. Kila mlango wanaougonga, mtoto amekwisha kuondoka. Mwishowe wanampata gerezani. Amempiga risasi mzungu mmoja aliyewakuta wakiiba nyumbani mwake, na mzungu huyo ni mtoto wa jirani wa baba yake, mwenye shamba kule juu milimani Ixopo.

Shule ile ya maadilisho haikutungwa. Paton mwenyewe alikuwa mkuu wa shule ya Diepkloof, kandokando ya Johannesburg, kuanzia mwaka 1935 hadi 1948. Aliikuta imezungushiwa seng'enge, akaing'oa na kupanda maua. Aliwaruhusu vijana waliojirekebisha kwenda kutembelea kwao. Pale alisikia kila namna ya hadithi za vijana kutoka mabondeni kama lile la Ixopo.

Na Sophiatown nayo haikutungwa. Ilikuwa magharibi mwa Johannesburg, mahali ambapo mtu mweusi aliweza kununua kiwanja na kumiliki nyumba kwa hati yake. Mwenye ardhi wa kwanza aliipa jina la mkewe, Sophia, na baadhi ya mitaa akaiita kwa majina ya watoto wake. Walikaa hapo madaktari na wezi, wapiga muziki, waandishi wa habari, mafundi cherehani, wachuuzi, Waafrika, Wahindi, Wachina na machotara. Palikuwa pamejaa, paliuma kwa umaskini, na watu wake walipapenda. Kanisa la Kristo Mfalme lilikuwa juu ya kilima, na mnara wake ulionekana kutoka mbali.

Katika kanisa hilo alikuwapo padri Mwingereza, Trevor Huddleston, aliyefika mwaka 1943. Padri Vincent anayemfariji mzee Kumalo katika kitabu na katika sinema ametokana naye. Wasomaji wetu wa mikoa ya kusini hawahitaji kuelezwa zaidi, kwani Huddleston ndiye aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1968, akaishi na watu wa huko kama mtu wa nyumbani. Alipofariki mwaka 1998, majivu yake yalirudishwa Sophiatown yakazikwa katika kanisa lake.

Poitier na Lee hawakuruhusiwa kukaa katika hoteli za mjini. Nyumba yao ilikuwa nje ya mji. Mchana walitembea mbele ya kamera kama makasisi wenye heshima, jioni wakarudi kwenye nchi ya kweli, ambako bango la "Wazungu Tu" liliwahusu wao kama lilivyomhusu mpagazi wa stesheni. Poitier alikwisha kuuonja ubaguzi huko Miami, kwa hiyo hakuwa mgeni wa jambo hilo. Lakini alieleza baadaye katika maandishi yake kwamba aliyoyaona Afrika Kusini yalimtia alama isiyofutika.

Utaiona alama hiyo ukiitazama filamu kwa makini. Msimangu hapigi kelele. Anasema polepole, anasikiliza zaidi kuliko anavyosema, na mara moja anapomkasirikia yule mzee, anarudi akiwa amejaa aibu kuomba radhi. Hofu yake kubwa ni kwamba siku wazungu watakapozinduka na kutaka kupenda, Waafrika watakuwa wamekwisha kujifunza kuchukia. Kijana wa miaka 23 alipewa maneno mazito kama hayo ayabebe, akayabeba.

WALIOSIMAMA NYUMA

Si vema kuisifu sinema hii bila kuipima. Zoltan Korda, ambaye asili yake ni Hungaria, ndiye yule yule aliyetengeneza mwaka 1935 filamu ya "Sanders of the River", iliyomtukuza mkuu wa wilaya wa Kiingereza akiwatuliza Waafrika kama watoto. Katika filamu hiyo mwimbaji mashuhuri Paul Robeson alipewa nafasi ya mtemi, na baadaye akaijutia hadharani. Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi London, aliichezea sehemu ndogo. Baada ya miaka 15 Korda alirudi Afrika na hadithi tofauti. Safari hii Mwafrika ndiye moyo wa hadithi, na mzungu ndiye anayetakiwa kujifunza.

Mwandishi mmoja aliyeshiriki kuutunga mchezo wa filamu hii, John Howard Lawson wa Marekani, jina lake halikuandikwa. Alikuwa mmoja wa wale kumi wa Hollywood waliofungwa kwa kukataa kujibu maswali ya Bunge juu ya imani zao za kisiasa, na hakuna aliyethubutu kumwajiri waziwazi. Canada Lee naye alikuwa amefungiwa milango ya kazi huko kwao kwa sababu kama hizo. Aliwahi kuwa mpanda farasi wa mashindano, kisha bondia hadi jicho lake likaharibika, kisha mchezaji mkubwa wa jukwaani. Alipomwigiza mzee Kumalo alikuwa na miaka 43 tu, na hii ikawa filamu yake ya mwisho. Alifariki mwezi wa Mei 1952.

Aliyechukua nafasi ya Absalom alikuwa mwenyeji wa Afrika Kusini, Lionel Ngakane. Baada ya filamu hii alikwenda Uingereza, akawa mwongozaji wa sinema mwenyewe, akaishi uhamishoni miaka mingi akiupinga ubaguzi kwa kamera, na akawa miongoni mwa waasisi wa shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika. Kwa hiyo sinema moja ilizaa watu wawili, nyota wa Marekani na mwalimu wa sinema za Afrika.

Wapo walioilaumu hadithi hii, na lawama yao si bure. Wamesema kwamba mzee Kumalo ni mnyenyekevu mno, anaomba samahani hata pasipostahili, na kwamba mwanasiasa pekee Mwafrika ndani yake amechorwa kama mlafi. Wamesema kwamba mwisho wake, mwenye shamba anapotoa maziwa kwa watoto na kujenga kanisa, unafanya ubaguzi uonekane kama ugonjwa unaotibika kwa huruma ya tajiri mmoja mmoja. Historia ilikuja kuonyesha kwamba haukutibika hivyo. Ulihitaji mapambano, migomo, vifungo, uhamisho na damu, na msaada wa nchi jirani zilizokubali kuumia.

Lakini kuna jambo ambalo filamu hii inalo na hakuna hotuba iliyolihifadhi hivyo. Kamera ilisimama katika vijiji vya Natal na katika mitaa ya watu weusi ya Johannesburg mwaka 1950, wakati mitaa hiyo ilipokuwa ingali hai. Tarehe 9 Februari 1955, askari wapatao 2,000 walizingira Sophiatown alfajiri, malori yakaanza kuwabeba watu na vyombo vyao kuwapeleka Meadowlands, sehemu ambayo leo ni Soweto. Miaka michache baadaye nyumba zilikuwa zimebomolewa karibu zote, na mtaa mpya wa wazungu ukajengwa juu yake. Wakauita Triomf, maana yake Ushindi.

Ukienda leo utaona kanisa la Kristo Mfalme bado limesimama. Katika mtaa wa Toby utaiona nyumba ya Dakta A. B. Xuma, aliyekuwa rais wa ANC kuanzia mwaka 1940 hadi 1949, moja ya nyumba chache zilizonusurika. Mwaka 2006 mahali hapo palirudishiwa rasmi jina la Sophiatown. Jina limerudi, lakini nyumba hazikurudi. Anayetaka kujua watu weusi wa Johannesburg ya siku zile walivaaje, waliketije vibarazani na watoto walichezea wapi, hana budi kuzitazama picha za aina hii.

MIAKA ILIYOFUATA

Kijana wetu alirudi New York, na usidhani kwamba alipokewa kwa matarumbeta. Kazi za sinema kwa mtu mweusi zilikuwa haba. Poitier alifungua mkahawa Harlem akauza mbavu za kuchoma ili alishe familia yake. Mwaka 1955 ndipo alipopata filamu iliyomfungulia njia, na tarehe 13 Aprili 1964 akawa mwanamume mweusi wa kwanza kupewa tuzo ya Oscar ya mchezaji bora, kwa filamu ya "Lilies of the Field".

Afrika hakuiacha. Alikuja Kenya kupiga picha za "Something of Value", iliyotoka mwaka 1957, akiwa kijana Kimani anayeingia katika Mau Mau. Mwaka 1959 yeye, Harry Belafonte na mchezaji wa mpira Jackie Robinson walitia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachange nauli, na kwa michango ya namna hiyo ndege ya kwanza ya wanafunzi wa Tom Mboya, vijana 81, ikaruka mwezi wa Septemba mwaka huo. Mwaka 1975 ilitoka "The Wilby Conspiracy", hadithi ya mpigania uhuru anayewakimbia polisi wa Makaburu. Isingewezekana kuipiga Afrika Kusini, hivyo ardhi ya Kenya ikasimama badala yake.

Kisha, ndugu msomaji, likaja jambo ambalo lau lingetungwa na mwandishi wa hadithi tungemwambia amezidisha. Mwaka 1997 Poitier, akiwa na miaka 70, alicheza Afrika Kusini katika filamu ya televisheni juu ya mwisho wa ubaguzi. Safari hii hapakuwa na haja ya kumdanganya mtu wa uhamiaji. Nafasi aliyopewa ilikuwa ya Nelson Mandela, na Mandela mwenyewe wakati huo alikuwa Rais wa nchi.

Sidney Poitier alifariki tarehe 6 Januari 2022, akiwa na miaka 94. Magazeti ya dunia yalitaja Oscar yake na filamu zake kubwa. Ni machache yaliyokumbuka kanzu ile ya kikasisi ya mwaka 1950.

Basi tukiwa tunafunga safari yetu pale tulipoianzia, simama kidogo ukingoni mwa mlima wa Ixopo ulitazame bonde. Wengi waliondoka hapa wakiwa na majina, wakafika mjini wakawa namba kwenye kipande. Sinema hii ndogo ilimchukua mmoja aliyeandikwa manamba, ikamweka mbele ya macho ya watu kwa saa moja na dakika arobaini hivi, na kila aliyemtazama alimwona mtu kamili. Karatasi ya uhamiaji haikuweza kulizuia hilo.

Ukiipata, itazame pamoja na watoto wako. Watakuuliza kwa nini mzee yule alikuwa anaogopa kuvuka barabara katika nchi yake mwenyewe. Usiharakishe kuwajibu. Waeleze kwanza habari za mkonge, za Wenela, na za babu yao.